Kirejeleo na Msomaji: Historia ya Viungo vya Ndani Kutoka Hati za Mkono Hadi Tovuti

Utangulizi

Kila maandishi marefu huzaa tatizo moja, nalo ni namna msomaji atakavyofika mahali anapopahitaji. Mwandishi hana budi kuyapanga maneno yake kwa mfuatano mmoja tu, ilhali wasomaji humjia kwa haja mbalimbali. Mmoja hutaka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwingine hutafuta neno moja. Wa tatu hutaka kujua yote yaliyosemwa juu ya jambo fulani, popote lilipotajwa. Mpango mmoja hauwezi kuwatosheleza wote watatu. Ndiyo sababu, tangu zamani, watungaji, wanakili na wahariri wamebuni vyombo vidogo vya kumtoa msomaji sehemu moja ya kitabu na kumpeleka sehemu nyingine ya kitabu kile kile.

Chombo cha aina hii kitaitwa hapa kirejeleo. Katika tovuti, ambamo kurasa husomwa kwa kompyuta na kuunganishwa kwa maneno yanayobonyezwa, kirejeleo kinachotoka ukurasa mmoja kwenda ukurasa mwingine wa tovuti ile ile huitwa kiungo cha ndani. Wenye tovuti wamezoea kukizungumza kiungo hicho kama ufundi wa biashara, yaani njia ya kuufanya ukurasa utokee juu katika orodha ya injini ya kutafutia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ufundi huo una historia ndefu kuliko biashara hiyo, na kwamba kwa lugha ya Kiswahili, ambayo maneno yake hubadilika mwanzoni na mwishoni, suala la kirejeleo limekuwa suala la kitaaluma tangu kamusi zake za kwanza. Hoja inayotetewa ni kwamba kirejeleo chema hutimiza masharti matatu: humfikisha msomaji kwa hatua chache, humwambia mapema anakokwenda, na hutolewa kwa sababu tu uhusiano upo kweli baina ya sehemu mbili zinazounganishwa.

Neno la chini ya ukurasa

Kirejeleo chepesi kuliko vyote hupatikana katika hati za mkono. Wanakili wa vitabu vya Kiarabu, ambao maandishi yao ndiyo yaliyotumiwa na washairi wa Lamu na Pate kuandikia Kiswahili, walikuwa na desturi ya kuandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Kurasa nyingi hazikuwa na nambari. Kurasa zilipolegea au kuchanganyika, neno hilo la chini ndilo lililomwezesha mjalidi au msomaji kuzirudisha katika mpango wake. Desturi kama hiyo ilikuwako pia katika vitabu vilivyopigwa chapa Ulaya katika karne za mwanzo za uchapaji.

Faida ya chombo hiki ni dhahiri: hakuna ukurasa unaopotea. Lakini upungufu wake nao ni dhahiri vile vile. Neno la chini ya ukurasa hujua njia moja tu, ya kwenda mbele hatua moja. Msomaji anayehitaji ukurasa wa mia atapitia kurasa tisini na tisa. Upungufu huu ufaa kukumbukwa, kwa maana utajitokeza tena, karne nyingi baadaye, katika tovuti ambazo kiungo chake pekee ni neno “Inayofuata”.

Majedwali na faharasa

Hatua kubwa ya pili ilipigwa na wale waliohitaji kulinganisha. Katika karne ya 4, Eusebius wa Kaisaria alitengeneza majedwali kumi ya kulinganisha Injili nne. Kila fungu la maandishi lilipewa nambari pambizoni, na chini ya nambari hiyo iliandikwa nambari ya jedwali. Msomaji alitoka kwenye fungu akaenda kwenye jedwali, na katika jedwali akaona nambari za mafungu yanayofanana katika Injili nyingine. Jedwali la kwanza lilikuwa la habari zinazopatikana katika vitabu vyote vinne, na la kumi lilikuwa la zile zinazopatikana katika kimoja tu. Kwa mara nyingine msomaji alihama, ila safari hii hakuhamia ukurasa uliofuata. Alihamia ukurasa uliohusiana na ule aliouacha.

Katika miaka ya 1230, watawa wa Kidominiko mjini Paris, chini ya uongozi wa Hugh wa Saint-Cher, walitunga faharasa ya maneno ya Biblia ya Kilatini. Mgawanyo wa sura, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa ni kazi ya Stephen Langton mwanzoni mwa karne hiyo ya 13, uliwapa anwani za kutumia. Nao wakaigawa kila sura katika sehemu saba, kuanzia A hadi G. Hivyo kila neno liliweza kutajiwa mahali lilipo bila kutegemea ukurasa wa nakala fulani.

Hata hivyo faharasa hiyo ya kwanza ilikuwa na kasoro ambayo ni funzo kubwa. Ilitaja mahali neno lilipo, lakini haikunukuu maneno yanayolizunguka. Msomaji aliyekuta neno moja lina mahali mamia hakuwa na namna ya kujua ni pahali gani patamfaa, isipokuwa kufungua pote. Watungaji waliofuata waliirekebisha kasoro hiyo kwa kuongeza maneno machache ya muktadha. Kutokana na hayo yapata kusemwa kwamba kirejeleo kinachosema “nenda pale” bila ya kusema “utakuta nini pale” ni nusu ya kirejeleo. Katika tovuti za leo, kiungo kilichoandikwa “bonyeza hapa” kinairudia kasoro iyo hiyo.

Ensaiklopidia na uzito wa neno “tazama”

Mwaka wa 1728 Ephraim Chambers alichapisha mjini London ensaiklopidia yake iitwayo Cyclopaedia. Yeye alipanga mada kwa alfabeti, na alitambua kwamba alfabeti humsaidia anayetafuta neno lakini humvunjia elimu vipande vipande: jambo moja huangukia A, na ndugu yake wa damu huangukia T. Dawa aliyoitumia ni virejeleo vingi, ili vipande hivyo viungwe tena na msomaji aweze kuiona elimu kama kitu kizima.

Kazi hiyo ndiyo iliyochochea ensaiklopidia mashuhuri ya Denis Diderot na Jean d'Alembert huko Ufaransa, ambayo majuzuu yake 17 ya maandishi yalitoka kati ya 1751 na 1765, na majuzuu 11 ya picha yakakamilika mwaka wa 1772. Katika juzuu la 5, lililotoka mwaka wa 1755, Diderot aliandika mada ndefu juu ya ensaiklopidia yenyewe, na humo akavigawa virejeleo katika aina. Kuna virejeleo vya maneno, ambavyo humwondolea mwandishi haja ya kufafanua istilahi ile ile mara kwa mara. Kuna virejeleo vya mambo, ambavyo huonyesha fikira zinazosaidiana, na pia zile zinazopingana. Diderot hakuficha kwamba hivi vya mwisho vingeweza kutumiwa kuzitikisa imani ambazo mwandishi hakuthubutu kuzipinga waziwazi.

Umuhimu wa maelezo hayo ni kwamba yanauondoa udhanifu kuwa kirejeleo ni kibao cha njia tu, kisicho na maana yake chenyewe. Anayeandika “tazama” ametoa kauli: amedai kwamba mambo mawili yanahusiana. Dai hilo laweza kuwa kweli au uongo, la maana au la upuuzi. Atakayeyasahau hayo atajaza kitabu chake virejeleo visivyo na sababu, na msomaji akishavifuata mara mbili tatu bila faida, hatavifuata tena.

Tatizo la kamusi ya Kiswahili

Lugha nyingi za Ulaya humruhusu mtungaji wa kamusi kuwa mvivu kidogo. Mwanzo wa neno aghalabu haubadiliki, na kwa hiyo maneno ya ukoo mmoja hukaa karibu karibu katika alfabeti. Lugha za Kibantu hazitoi nafasi hiyo. Mzizi mmoja wa Kiswahili huvaa viambishi awali mbalimbali, na watoto wake hutawanyika katika kamusi nzima: pika huenda P, mpishi na mapishi huenda M, upishi huenda U. Fauka ya hayo, umoja na wingi hutengana: ulimi na ndimi, jino na meno, wembe na nyembe.

Watungaji wa kamusi za Kiswahili walikuwa na njia mbili mbele yao. Njia ya kwanza ni kuupa mzizi heshima ya kuwa kidahizo, na kuliweka kabila lake lote chini yake. Njia ya pili ni kuliorodhesha kila neno mahali linapoangukia kwa herufi yake ya kwanza, kama linavyosemwa. Kila njia ina msomaji wake.

Maneno ya Kiswahili yalikusanywa kwa bidii tangu Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844. Kamusi yake kubwa ilichapishwa London mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Edward Steere alitoa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja mwaka wa 1870, na A. C. Madan akatoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka wa 1894 na ile ya Kiswahili na Kiingereza mwaka wa 1903. Kazi ya Madan ndiyo iliyokuwa msingi wa kamusi sanifu ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka wa 1939 kwa usimamizi wa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyokuwa imeundwa mwaka wa 1930. Johnson alielekea zaidi upande wa mzizi: maneno mengi yaliyonyambuliwa kutokana na kitenzi yaliwekwa chini ya kitenzi hicho.

Kwa mwanaisimu, mpango huo una raha yake. Akilifungua neno moja huuona ukoo mzima umekaa barazani. Lakini mwanafunzi anayeanza lugha hukuta mlango umefungwa, kwani kabla ya kulitafuta neno ni sharti aujue mzizi wake, na mzizi huo mara nyingi umejificha. Si viambishi tu vinavyouficha. Mabadiliko ya sauti nayo yana sehemu yake. Katika pika na mpishi, k imekuwa sh. Katika fuata na mfuasi, t imekuwa s. Katika penda na mpenzi, nd imekuwa nz. Anayekutana na mlevi atajuaje kwamba aende kwa lewa? Anayekutana na mwizi atajuaje kwamba aende kwa iba? Msomaji huyo hutakiwa kuwa na elimu ile ile ambayo ameifungulia kamusi ili aipate.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka wa 1981, kamusi iliyoandikwa kwa Kiswahili kitupu, ilichukua njia ya pili kwa upande wa nomino. Mpishi hutafutwa chini ya M. Vitenzi huorodheshwa kwa shina, na minyambuliko yake kutajwa ndani. Mabadiliko haya yalikuwa na maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Yalimtambua mzungumzaji wa Kiswahili na mwanafunzi wa shule kuwa ndio wenye kamusi, wala si mtafiti aliyekwisha kuielewa mofolojia. Hata hivyo faida hiyo ililipiwa gharama, maana ukoo wa maneno uliokuwa pamoja sasa umetawanyika. Mwanafunzi hulipata neno upesi lakini huweza kuondoka bila kujua kwamba mpishi, upishi na mapishi ni wana wa mama mmoja.

Maneno yenye asili ya Kiarabu yanaliweka tatizo hili wazi zaidi. Wataalamu wa kamusi za Kiarabu, tangu Khalil bin Ahmad al-Farahidi katika karne ya 8, walizipanga kazi zao kwa konsonanti za mzizi. Katika kamusi za namna hiyo, maneno ya hukumu, hakimu, mahakama na hekima hukusanyika mahali pamoja. Yalipoingia katika Kiswahili yaliuacha mzizi nyuma; Kiswahili hakina kidahizo cha kuyabeba yote manne. Matatu yamebaki katika H kwa bahati ya herufi, ingawa maneno mengine mengi huyatenganisha, na mahakama limehamia M. Hali ni hiyo hiyo kwa kitabu, katibu na maktaba. Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka wa 1939, alijali sana asili za maneno na lahaja zake, na kazi yake humwonyesha msomaji undugu ambao alfabeti umeuficha.

Ni dhahiri basi kwamba hakuna mpango utakaomaliza tatizo. Anayechagua mzizi humkosesha njia anayetafuta neno. Anayechagua neno humkosesha njia anayetafuta ukoo. Mpango wa kazi yoyote unaweza kuhudumia njia moja tu kwa ukamilifu, na njia nyingine zote hazina budi kuhudumiwa kwa virejeleo. “Mpenzi: tazama penda” si pambo wala si ziada. Ni nusu ya pili ya kamusi.

Kutoka vitabu hadi tovuti

Virejeleo vya kitabu vina ulemavu mmoja ambao hakuna mhariri awezaye kuuponya: huelekea nyuma. Kitabu cha mwaka wa 1950 chaweza kukitaja kitabu cha 1930, lakini cha 1930 hakiwezi kukitaja cha 1950 kilichokikosoa. Wanasheria wa Marekani waliliona tatizo hili mapema, kwa kuwa hukumu iliyokwisha kutenguliwa ni hatari kwa anayeitegemea. Mwaka wa 1873 Frank Shepard alianza, huko Illinois, kuchapisha vipande vya karatasi yenye gundi vya kubandikwa pambizoni mwa vitabu vya hukumu, vikionyesha kesi za baadaye zilizoitaja kesi ile. Mwaka wa 1955 Eugene Garfield alipendekeza kwamba sayansi nayo iwe na faharasa ya aina hiyo, ili mtafiti aanzie makala ya zamani na kusonga mbele hadi kwa wale waliyoyataja.

Wakati huo fikira nyingine ilikuwa ikikua. Mwaka wa 1945 Vannevar Bush alieleza mashine aliyoiita Memex, ambayo ingemwezesha msomaji kuziunganisha kurasa mbili zozote na kuihifadhi njia hiyo kwa wengine. Mashine hiyo haikujengwa. Mwaka wa 1965 Ted Nelson aliyapa jina la haipateksti maandishi yaliyounganishwa hivyo. Mwaka wa 1989 Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, alipendekeza mfumo wa kuunganisha hati za maabara hiyo. Mwaka wa 1991 mfumo ukatangazwa kwa watu wa nje, na mwaka wa 1993 CERN ikauachilia utumiwe na yeyote bila malipo. Tatizo lililomsumbua lilikuwa la kawaida kabisa: watu walikuwa wakija na kuondoka, na habari za kazi zao zikipotea ingawa zilikuwa zimeandikwa.

Kiswahili hakikuchelewa sana kuingia humo. Mwaka wa 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale mradi wa kamusi ya Kiswahili ya intaneti, na mwaka wa 2003 Wikipedia ya Kiswahili ikaanzishwa. Hii ya pili ina sifa moja inayolihusu suala hili: programu yake huweza kuorodhesha kurasa ambazo hakuna ukurasa mwingine unaozielekea. Kurasa kama hizo ni yatima. Zipo, zimeandikwa, pengine kwa uangalifu mkubwa, lakini anayetembea ndani ya ensaiklopidia hatazifikia.

Hesabu ya mwaka wa 1998

Kurasa zilipozidi mamilioni, virejeleo vilipata kazi mpya ambayo Chambers na Diderot hawakuiwazia. Mwaka wa 1998 Sergey Brin na Lawrence Page, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha maelezo ya injini ya kutafutia waliyoiita Google, iliyokuwa imekusanya kurasa zisizopungua milioni 24. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya PageRank, na msingi wake ulikuwa ule wa Garfield: kutajwa ni dalili ya thamani.

Hesabu yenyewe si ngumu kuielewa. Kila ukurasa una uzito. Ukurasa hugawa uzito wake sawasawa kwa kurasa zote unazozielekea, na uzito wa ukurasa ni jumla ya mafungu unayoyapokea. Waandishi hao walimfikiria msomaji anayebonyeza viungo ovyo, ambaye mara kwa mara huchoka na kuanza upya kwenye ukurasa mwingine wowote. Ndiyo sababu mafungu hayo hupunguzwa kwa kuzidishwa na kipimo, ambacho kwa kawaida waliweka kuwa 0.85. Ukurasa wenye uzito wa 1 ukielekea kurasa nne, kila mmoja hupokea 0.2125. Ukielekea kurasa mia, kila mmoja hupokea 0.0085 tu. Hapa ushauri wa zamani wa wahariri, kwamba virejeleo vikizidi hupoteza maana, umepata tarakimu zake.

Mambo matatu katika maelezo hayo yanavihusu viungo vya ndani. Kwanza, hesabu kama ilivyochapishwa haikutofautisha kiungo kitokacho nje na kile cha ndani. Kwa hiyo mwenye tovuti, anapoamua ukurasa upi uelekezwe na kurasa zake nyingine, hugawa sehemu ya uzito kwa mkono wake. Pili, programu ya kukusanya kurasa husafiri kwa kufuata viungo, na ukurasa yatima huweza kukosekana kabisa. Kuanzia mwaka wa 2005 wenye tovuti wameweza kuipa injini orodha ya kurasa zao, lakini orodha hueleza kwamba ukurasa upo tu. Haielezi una uhusiano gani na wenzake. Tatu, maneno ya kiungo yalihesabiwa kuwa maelezo ya ukurasa unaoelekezwa, fikira ambayo ilikuwa imekwisha kutumiwa katika injini ya mwaka wa 1994. Injini za leo hupima mambo mengi mengine, lakini matatu hayo hayajaachwa.

Palipo na faida hapakosi werevu wa kuitafuta kwa njia ya mkato. Baadhi ya wenye tovuti walijaza viungo visivyo na maana chini ya kila ukurasa. Wengine walizitia kurasa zao alama ya kuiambia injini isivihesabu viungo fulani vya ndani, wakitumaini kwamba uzito uliozuiwa ungerundikana kwenye viungo vilivyobaki. Mwaka wa 2009 ilielezwa kwa niaba ya Google kwamba fungu linalozuiwa hivyo hupotea, wala halihamii kwingine. Ujanja ulikwisha, na kazi ya mhariri ikabaki ile ile ya siku zote: kuunganisha yanayohusiana.

Kiswahili na injini za kutafutia

Idara, maktaba na taasisi za lugha zinapoweka machapisho yao katika tovuti, aghalabu huyapanga kwa mwaka na toleo. Mpango huo ni wa mtunza kumbukumbu. Msomaji anayetafuta habari za ngeli, au za lahaja ya Kimvita, haji na mwaka mkononi. Iwapo tovuti ina makala 1,000 yaliyounganishwa kwa neno “Inayofuata” tu, makala ya mwisho yako hatua 999 kutoka ya kwanza. Iwapo ukurasa wa mwanzo una viungo kumi vya mada, kila mada ina viungo kumi vya vijimada, na kila kijimada kina makala kumi, kila makala yatafikiwa kwa hatua tatu. Tofauti baina ya 999 na 3 ndiyo tofauti baina ya hati ya mkono na faharasa.

Maneno ya kiungo nayo yana umuhimu wa pekee katika Kiswahili. Ukurasa unaoitwa “Mpishi” huenda usiwe na neno wapishi wala upishi. Injini isiyoijua vyema mofolojia ya Kiswahili huyaona hayo kuwa maneno yasiyojuana. Lakini kurasa nyingine zinapouelekea ukurasa huo kwa maneno yanayokuja kwa kawaida katika sentensi zake, moja likasema “wapishi wa pwani” na jingine “kazi ya upishi”, maumbo hayo huongezwa katika maelezo ya ukurasa ule. Ndiyo ile kazi ya “mpenzi: tazama penda”, sasa ikifanywa ndani ya sentensi. Kiungo cha “soma zaidi” huipoteza nafasi hiyo yote.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba tovuti inaweza kuuponya ule ulemavu wa kitabu. Makala ya mwaka wa 1975 yaliyopingwa na makala ya mwaka wa 1985 yanaweza kuwekewa kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye upinzani huo. Shepard alihitaji gundi. Mhariri wa leo anahitaji dakika chache na ujuzi wa fani yake. Ujuzi huo ndio usioweza kununuliwa. Mashine yaweza kugundua kwamba makala mawili yana maneno yanayofanana, lakini kwamba la pili linalijibu la kwanza, au kwamba yote mawili yanatumia neno shina kwa maana tofauti, ni jambo la kuamuliwa na aliyeyasoma yote mawili.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba vyombo vimebadilika lakini masharti hayajabadilika. Neno la chini ya ukurasa lilihifadhi mfuatano. Majedwali ya Eusebius yaliunganisha yanayofanana. Faharasa ya Paris ilifundisha, kwa kasoro yake, kwamba msomaji aambiwe anakokwenda. Ensaiklopidia zilionyesha kwamba kirejeleo ni kauli. Kamusi za Kiswahili zilithibitisha kwamba mpango wowote huficha kitu, na kwamba kilichofichwa hurudishwa kwa kirejeleo. Hesabu ya mwaka wa 1998 iliyageuza hayo yote kuwa tarakimu.

Mara nyingi husemekana kwamba Kiswahili hakina maandishi ya kutosha katika intaneti. Yamkini ni kweli, lakini upungufu huo usichanganywe na ule wa maandishi yaliyoko ambayo hayafikiki. Kuandika makala mapya ni kazi ya miaka. Kuyaunganisha yaliyoandikwa ni kazi ya miezi, na yaweza kufanywa na idara yoyote yenye machapisho yake na watu wanaoyajua. Makala ya kitaaluma yasiyoelekezwa na ukurasa wowote hayana tofauti kubwa na kitabu kilichorudishwa kwenye rafu isiyo yake: maktaba ingali inacho, na hakuna atakayekisoma.